Boksi Hununuliwa Mwisho

Nimestaafu Ijumaa iliyopita. Nina miaka kumi na minane, na najua wapo watakaocheka, lakini sijui neno jingine. Nimefanya kazi katika gereji ya Mjomba Shabani, hapa Bagamoyo, kila Jumamosi na kila likizo tangu nilipoingia kidato cha kwanza. Baada ya mtihani wa kidato cha nne nikafanya kila siku, mpaka majina ya wanaokwenda kidato cha tano yalipotoka na langu likiwemo. Mtu akifanya kazi kisha akaiacha kwa wema, hakufukuzwa wala hakugombana na mtu, huyo amestaafu. Mjomba mwenyewe alisema hivyo, akaagiza soda.

Nakuandikia wewe Zuwena, uliyechukua nafasi yangu, na yeyote atakayekuja baada yako. Ana kwa ana nisingeweza kuyasema yote haya. Unanijua: watu wawili wakiniangalia kwa pamoja nasahau nilichotaka kusema. Kwenye karatasi haniangalii mtu. Sitaeleza namna ya kufungua injini, hayo utafundishwa. Nitaeleza namna ya kuchagua vifaa vya mkononi na boksi la kuviwekea, kwa sababu katika gereji yetu hilo ndilo linaloamua kama wewe ni fundi au si fundi.

Utaratibu nadhani umeshaanza kuuona. Asiye na boksi lake anashika tochi, anaosha vyuma kwa petroli na kuitwa "hebu njoo". Akitaka kuwa fundi, analeta boksi lake Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na mafundi wanalikagua. Wanatoa kifaa kimoja kimoja, wanakijaribu, na kisichofaa wanakitundika kwenye misumari ya ukuta wa nyuma. Vilivyotundikwa pale vinaitwa marehemu. Vikibaki vingi boksini, kuanzia siku hiyo mtu huyo anapewa gari lake la kutengeneza. Vikiwa vingi ukutani, anarudi kwenye tochi. Inaonekana ni ukatili, na mimi nilidhani hivyo muda mrefu. Lakini spana mbovu ikila pembe za boliti ya mteja, mteja hamlaumu mwenye spana, anailaumu gereji nzima.

Mama ndiye aliyenipeleka siku ya kwanza. Yeye ni fundi cherehani, na Mjomba ni kaka yake. Alisema, "Huyu haongei, lakini ukimwonesha kitu mara moja anakishika." Fundi Kibwana alikuwa amelala chini ya gari, tukaona miguu tu. Miguu ikajibu, "Vizuri, shemeji. Magari yenyewe hayapendi maneno." Nikamsalimia shikamoo. "Marahaba, mwanafunzi," akasema, na tangu siku hiyo jina langu kwake likawa mwanafunzi, hata wakati wa likizo.

Kushika tochi nako kuna ufundi wake. Usimulike unapotaka kuona wewe, mulika yanapoelekea macho ya fundi. Mimi nilikuwa namwangalia yeye usoni nijue kama amekasirika, kwa hiyo mwanga ukafuata macho yangu. "Mwanafunzi," akasema Kibwana, "unanimulikia pua. Pua yangu naijua ilipo."

Shida yangu kubwa mwanzoni ilikuwa neno moja. Ile spana inayobana na kulegea, ambayo unazungusha kijigurudumu mdomo ukapanuka au kupungua, mafundi wote wa pwani hii wanaiita spana malaya, kwa kuwa haichagui nati. Nati yoyote inakwenda nayo. Mimi nimelelewa nyumba ambayo neno hilo halitamkwi hata kwa ugomvi. Mara ya kwanza Mjomba aliponituma dukani kuinunua, nilimkuta mwalimu wangu wa madrasa ananunua bawaba. Nikasimama kaunta. Mwenye duka akauliza nataka nini, nikasema nataka spana. Akauliza spana gani, nikasema ile nyingine. Nilirudi mikono mitupu nikadanganya kwamba zimekwisha.

Tangu hapo niliamua kwamba neno lile sitalitamka maisha yangu yote, na ili nisilitamke ilibidi nijue nati kwa macho. Fundi akiniambia nilete malaya, nilikuwa naitazama nati yenyewe kwanza, nakwenda kwenye vifaa na kurudi na spana namba kumi na mbili au kumi na nne kamili. Nilikosea sana wiki za mwanzo. Baadaye nikawa sikosei. Kibwana alikasirika siku moja, "Nimekuomba malaya, umeniletea kumi na saba." Akaijaribu, ikaingia bila kucheza hata kidogo. Akaguna tu akaendelea kufungua. Aliyecheka ni Fundi Joseph, aliyekuwa anaunga nyaya kwenye gari la pembeni.

Huyo Joseph ndiye mwalimu wangu, kwa hiyo nimweleze vizuri. Wazazi wake walitoka bara kuja kufundisha shule ya misheni, yeye akazaliwa hapa hapa. Ni fundi umeme wa magari. Haongei kwa haraka, na kila jioni kabla ya kufunga anafuta vifaa vyake kwa kitambaa chenye mafuta, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemkausha mtoto. Nilimuuliza kwa nini, na kwangu kuuliza lilikuwa jambo kubwa. Akasema, "Hewa yetu hii ina chumvi, Rehema. Chuma chako usipokifuta wewe, bahari inakifuta." Kwa hiyo hilo ni la kwanza, Zuwena, na hata hujanunua kitu bado: tafuta kitambaa.

Miaka miwili ikapita hivyo, na mimi nilikuwa nimeridhika na tochi yangu. Nilipofika kidato cha tatu Mama akanikalisha. Wiki hiyo jirani mmoja alikuwa amemuuliza, mbele ya wateja, binti yako anafanya nini na wanaume wa gereji kila Jumamosi.

"Ulikuwa mdogo," Mama akasema, "ukishika tochi watu wanasema anamsaidia mjomba wake. Sasa umekua. Ukiwa fundi nitawajibu, ni fundi. Usipokuwa fundi nitawajibu nini?"

Nikaokota vipande vya nyuzi sakafuni.

"Nakupa mpaka umalize kidato cha nne. Ukimaliza bado unashika tochi, unarudi hapa unashona na mimi. Kushona si aibu."

Kushona si aibu, kweli, lakini mimi nilikuwa nataka magari. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu hivyo, hata mwenyewe nilikuwa sijajiambia. Usiku ule nilijiambia.

Mama si mtu wa kukupa mtihani bila kalamu. Alipokwenda Dar kununua vitambaa, alikuja na boksi la plastiki la bluu lenye kila kitu ndani: soketi, vile vikombe vya kufungulia nati, zimepangwa kwa ukubwa, rachet ya kuzizungushia, spana, bisibisi, plaizi, kila kimoja kimelala kwenye kitanda chake, vyote vinang'aa mpaka unajiona. Sikulala vizuri kwa furaha. Jumamosi nikalipeleka, nikaliweka mezani baada ya wali, nikasema kwa sauti ambayo nadhani hawakuisikia, "Naomba mnikagulie."

Kibwana akafungua. "Ala. Mwanafunzi kaleta duka."

Akachukua soketi ya kumi na saba, akaiweka kwenye boliti kuukuu iliyobanwa na jiriwa, akakandamiza. Ikalia tki, kama karanga, ikapasuka. "Marehemu," akasema, akaitundika. Rachet ikateleza meno. Spana ya kumi na mbili ilipanuka mdomo kama samaki aliyetolewa majini. Bisibisi nyota ikajipinda ncha. Walikuwa wanapokezana, Mjomba, Kibwana na Joseph, na ukuta ukawa unang'aa. Mwishowe ilibaki bisibisi bapa moja na boksi lenyewe.

"Boksi lenyewe si baya," akasema Joseph, akijaribu kunifariji.

"Atilie maandazi," akasema Kibwana.

Mjomba hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. "Kanuni ni kanuni, Rehema," akasema, na akanipa tochi.

Nyumbani Mama aliuliza vimebaki vingapi, nikamwambia kimoja. Akaacha kushona. Akaishika ile bisibisi, akaigeuza.

"Nimedanganywa na kung'aa," akasema. "Na mimi si wa kudanganywa hivyo. Mkasi wangu wa kwanza nao uling'aa, ukakata kitambaa kama panya. Wa pili nilikwenda dukani na kitambaa changu mwenyewe. Nikamwambia mwenye duka, nakata hapa hapa mbele yako." Akarudi kwenye cherehani. "Usimwachie tena mtu mwingine akununulie. Nenda kachague mwenyewe."

Nilimfikiria Mama na kile kitambaa siku nzima ya Jumapili, nikaelewa. Jumatatu nikamwomba Joseph boliti, zile ambazo vichwa vyake bado vizima: ya kumi, ya kumi na mbili, ya kumi na nne, ya kumi na saba na ya kumi na tisa. Mama akanishonea kifuko cha jinzi. Nikawa natembea nazo kila mahali. Shuleni mwalimu wa zamu alikagua mabegi akaniuliza mbele ya darasa kama nimekuja kusoma au kujenga daraja. Nikazirudisha kwenye begi. Lakini sikuziacha nyumbani, na yeye akazizoea.

Kuchagua spana kwa boliti ni hivi. Ivike spana kwenye boliti, ishike kwa vidole viwili, itikise. Ikicheza, irudishe, hata kama mwenye duka anakuapia. Ikikaa tuli, itazame mdomo: kuta zake mbili ziwe zimenyooka, zisiwe zimepanuka mbele. Kisha angalia namba. Namba iwe imegongwa ndani ya chuma, si ya kuchorwa wala kubandikwa. Halafu ipime uzito mkononi, na uigonge kidogo na nyingine. Chuma kizuri kinalia kwa muda, kibaya kinasema tu "ko". Mwisho pitisha kidole pembeni. Ile rangi ya kung'aa ikiwa inabanduka, itakukata siku mkono umeteleza, na mkono utateleza.

Mwenye duka la mjini alinichoka. "Binti, unanunua au unapima?"

"Napima kwanza," nikasema. Jioni nilimwambia Joseph nimejibu, akanipongeza kama nimefaulu mtihani.

Joseph alinizuia kununua kwa seti. Akasema seti ni ya mtu anayejua atakachokifanya miaka kumi ijayo, au asiyejua kabisa. Nianze na spana zenye mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili, namba kumi, kumi na mbili na kumi na nne, maana hizo tatu zinafungua karibu kila kitu kwenye magari yanayoletwa kwetu. Baadaye kumi na saba na kumi na tisa. Soketi ziwe za pembe sita, si kumi na mbili, kwa sababu boliti zetu zimeliwa na kutu na pembe sita zinashika kwa kifua chote. Namba nyingine zisubiri. "Siku utakayokwama kwa kukosa kumi na tatu," alisema, "ndiyo siku ya kununua kumi na tatu."

Likizo ya kidato cha tatu, Joseph na mkewe walikwenda Lugoba kuona ndugu, wakanichukua. Pale barabara kuu malori hayaishi, na wapo watu wanaotandika vyuma vya mtumba kwenye magunia. Niliona spana kuukuu, nyeusi, zenye mafuta ya miaka, nikazipita. Joseph akanirudisha. "Hizo ulizozipita zimeshafanya mtihani," akasema. "Mpya bado." Nikachuchumaa na kifuko changu, nikajaribu moja baada ya nyingine mpaka magoti yakafa ganzi. Muuzaji akamuuliza Joseph kama mimi ni polisi. Nilirudi na kumi na nne mbili na rachet moja nzito yenye sauti ya meno inayosikika vizuri, krr krr, bila kuruka. Spana moja nzuri kuliko zote niliiacha, kwa sababu ilikuwa imechongwa herufi za mtu, na muuzaji alipoulizwa ni za nani akatazama barabarani. Hilo nalo uliangalie. Usikae na spana ambayo mwenyewe anaitafuta.

Mwaka mzima nikawa nanunua namna hiyo, kimoja, kisha kimoja. Vyote nilivifunga kwenye kanga kuukuu ya Mama. Kibwana alikuwa anauliza kila Jumamosi, "Mwanafunzi, boksi liko wapi?" na mimi nasema bado. Boksi hununuliwa mwisho, Zuwena. Watu wengi wananunua boksi kwanza kwa sababu ndilo linaloonekana, kisha wanatafuta vitu vya kulijaza. Lile la plastiki lilinifunza: kila kitanda kina mgonjwa wake, na ukipata spana nene zaidi haina pa kulala. Yale ya chuma yenye trei zinazofunguka kama ngazi ni mazuri, lakini bawaba zake zinashikwa na chumvi, na mchanga ukiingia yanakataa kufunga. Mimi nilikwenda kwa fundi bati. Alitaka kunitengenezea moja kubwa. Nikavitia vifaa vyote vya kwenye kanga ndani ya ndoo, nikaibeba, nikashindwa kufika mlangoni. Nikamwambia anitengenezee mawili madogo, moja la spana na soketi, jingine la nyundo, plaizi, bisibisi na makorokoro. Boksi usiloweza kulibeba mwenyewe likiwa limejaa si lako, ni la yule anayekubebea.

Sasa nieleze spana iliyopinda, maana ndiyo iliyonifikisha.

Mama Anitha ni mkulima wa mananasi wa Fukayosi, sauti yake inafika gereji kabla ya gari. Pikapu yake ilikuwa na ugonjwa wa stata, ile mota inayowasha injini. Stata ya gari lile imejificha nyuma ya injini, na boliti yake ya juu, namba kumi na nne, imekaa mahali ambapo mkono unafika lakini spana haifiki. Kila ilipoharibika, Kibwana alikuwa anafungua madude yote ya juu kwanza, asubuhi nzima, ndipo aifikie boliti moja. Mama Anitha anakaa kwenye benchi anasema, "Fundi, nanasi langu linaoza, wewe unafungua gari zima kama kuku." Gari lile lilikuja mara tatu mwaka ule, na mara zote tatu mwenye tochi nilikuwa mimi.

Mwenye tochi ana faida moja. Mwenye mkono ndani haoni mkono wake, anapapasa. Mimi nilikuwa naiona ile boliti muda wote, na naona spana inapogonga: inapita pembeni ya bomba, inafika, halafu mkia wake unagota kwenye ukuta wa chuma. Ingekuwa imejikunja kidogo kwenye shingo, ingepita. Mara ya tatu, Kibwana alipokwenda kuswali adhuhuri, nilichukua kipande cha waya laini, nikauingiza kutokea chini, nikaukunja kufuata njia ile mpaka ukagusa boliti. Nikautoa taratibu, nikauficha kwenye kifuko cha jinzi.

Nyumbani kwetu ni Mlingotini, na huko yuko mhunzi anayetengeneza nanga za mitumbwi. Nilimpelekea moja ya zile kumi na nne za Lugoba pamoja na waya. Akauliza nani ameniambia niharibu spana nzima. Nikasema hakuna. Alinitazama, akavuvia moto. Aliipasha polepole mpaka shingo ikawa nyekundu, midomo yenyewe ameifunika kwa kitambaa chenye maji isiungue, akaikunja juu ya waya mpaka vikalingana. Hakuitia majini. Aliifukia kwenye majivu ipoe yenyewe, akaniambia ukiitia majini itakuwa kigae.

Mtihani wa kidato cha nne ukaisha. Mama aliweka kiti cha pili karibu na cherehani. Jumamosi ile nikabeba maboksi yangu mawili, moja kila mkono.

"Anakwenda kuteka maji huyu," akasema Kibwana.

"Nataka mnikague," nikasema, na safari hii walisikia.

Walikagua polepole kuliko mara ya kwanza. Joseph alizipima spana moja moja. Kibwana aliipigia rachet magoti kabisa, akaibana, akaivuta, ikakataa kuteleza. Plaizi moja ilikwenda ukutani, haki yake, taya zilikuwa hazikutani. Nyundo nayo ikaenda, mpini ulikuwa na ufa nisiouona. Mjomba alikuwa ameshaanza kutabasamu. Ndipo Kibwana akaiinua ile iliyopinda.

"Na huyu kilema?"

Nikaitazama spana mkononi mwake.

"Spana inapinda kwa mambo mawili, chuma laini au mtu mjinga. Kwa vyovyote ni marehemu." Akaelekea ukutani.

Najua ningeweza kuiacha ikatundikwa. Zilizobaki zilikuwa zinatosha. Lakini kama sitaki kuitetea kwa nini niliibeba? "Fundi," nikasema, "usiitundike. Nimeipinda makusudi."

Akageuka. Wote wakaniangalia, na maneno yakanipotea kama kawaida yake. Nikaona nikisubiri yarudi tutalala pale. Nikasema hivyo hivyo. "Ni ya stata ya Mama Anitha. Boliti ya juu. Inapita chini ya bomba, hufungui kitu."

"Nani kakwambia?"

"Nimeiona. Wewe unaipapasa, mimi naimulika."

Mjomba akatazama chini. Joseph akakohoa. Mama Anitha mwenyewe hakuwepo, lakini pikapu yake ilikuwepo, imeletwa asubuhi ile na kijana wake, stata imekufa tena. Kibwana akanipa spana. "Haya. Fungua."

Nikatandika boksi la katoni, nikaingia chini. Hakuna aliyenishikia tochi mpaka Joseph alipokuja akalala ubavu upande wa pili akamulika, na alimulika vizuri, mahali macho yangu yalipo. Nikaisukuma spana kwenye njia yake. Ilikwama kwenye bomba. Nikasikia Kibwana anapumua. Nikakumbuka waya ulikuwa unaingia kwa kulala kidogo kushoto, nikailaza, ikapita, ikavaa boliti. Nikavuta, haikuja. Nikaweka mguu kwenye chasisi nikavuta tena kwa mgongo. Ikalegea.

Nilipotoka na boliti mkononi hakuna aliyepiga makofi, gereji yetu haina tabia hiyo. Kibwana alichukua ile spana, akaifuta kwa shati, akaitazama mbele na nyuma, kisha akaitia ndani ya boksi lake akafunga.

"Fundi, hiyo ni yangu," nikasema.

"Najua. Nimeazima."

Hakuna anayeazima kwa mshika tochi. Mjomba akasema, "Stata imalizie wewe, Rehema," na hiyo ndiyo hotuba yote niliyopewa. Mama alikuwa mlangoni na mteja niliporudi. Alitazama mikono yangu, halafu yale maboksi, na alipoingia ndani akakiondoa kiti cha pili.

Miezi iliyofuata nilitengeneza magari. Mengine yalinishinda, moja nililifunga zikabaki boliti mbili za ziada ambazo mpaka leo hatujui ni za wapi, na linatembea. Sitayaeleza hayo, si ya vifaa. Nitasema tu kwamba ukishakuwa na boksi utaazimwa, na ukiwa mpole utaazimwa mpaka ubaki na kitambaa. Chonga herufi zako kwenye kila kifaa. Kila jioni, kabla hujafunga, vihesabu kwa macho, na kisichokuwepo kakidai jioni hiyo hiyo. Kudai kulinitia homa mwanzoni. Kuna siku nilizunguka gari mara kadhaa kabla sijafungua mdomo. Lakini dai.

Ijumaa, soda zilipokwisha, nilipita kwa kila mmoja kukusanya vyangu. Mjomba alikuwa na bisibisi yangu bapa. Joseph alikuwa na soketi ya kumi, akairudisha imefutwa. Nikafika kwa Kibwana.

"Naomba kumi na nne yangu iliyopinda."

"Unakwenda nayo shule? Utaipindia nini huko, fizikia?"

"Nitarudi likizo."

"Basi iache, utaikuta."

"Siiachi, fundi."

Akanitazama. Mimi nikatazama mlango, lakini miguu haikuondoka. Akafungua boksi akanipa, akasema nimekuwa mchoyo kama mjomba wangu.

Kwa hiyo, Zuwena, usipoiona pale ujue ninayo mimi. Ukihitaji, kunja waya wako kwanza, usikisie. Nimesikia Mama Anitha alirudi juzi, na Kibwana akafungua madude yote ya juu huku akitukanwa kwa sababu ya mananasi. Kesho yake, mhunzi wa Mlingotini amemweleza Mama, alikuja mtu mmoja na kumi na nne yake mkononi, hana waya wala kipimo. Mhunzi akamuuliza aikunje vipi.

Akasema, "Kama ile ya fundi Rehema."